Maji ya Kwanza

Wifi yangu ana mdomo, na asiyelijua hilo hajawahi kununua samaki sokoni kwetu. Nimeolewa na mdogo wake wa kiume, nimefanya kazi naye meza moja miaka kumi na minne, na hadi leo nikimwamkia asubuhi ananijibu, "Marahaba. Wewe umeamka, kisu chako mbona bado kimelala?" Wateja wanacheka. Mimi nanoa kisu.

Jina lake la sokoni ni Bi Magamba. Amelipata kwa sababu magamba ya samaki yanamganda kila mahali, kwenye nyusi, kwenye shingo, nyuma ya sikio. Ameshahudhuria harusi na gamba moja linameta kwenye kope, na alipoambiwa akasema bibi harusi ana hereni, yeye ana lake, tatizo liko wapi? Alianza kupara samaki akiwa na miaka kumi na tisa, mwaka ambao mumewe alikwenda kutafuta kazi akasahau njia ya kurudi. Kwa kisu hicho hicho, ambacho sasa kimelika hadi kimekuwa chembamba kama kidole, amewasomesha mabinti wawili na huyu mdogo wake, yaani mume wangu. Ncha ya dole gumba lake la kushoto haipo. Ukimuuliza imekwenda wapi, anasema aliila mteja mmoja mchaguzi.

Meza yetu ni ya saruji yenye vigae vyeupe, nyuma ya soko. Tuko wanawake saba. Samaki akiletwa anaparwa, anapasuliwa, anaoshwa maji matatu. Maji ya kwanza ndiyo machafu, yana magamba na damu, na hayo hatuyamwagi. Yanaachwa kwenye ndoo yatulie, magamba yazame, kisha yanachujwa. Zamani tulikuwa tunamwaga tu, mpaka siku mtaro ulipoziba na soko zima likaogelea. Tangu hapo ikawa sheria ya meza: anayemwaga maji ya kwanza kabla hayajatulia, anafagia soko zima peke yake. Matumbo nayo hayaendi baharini, maana anayachukua mfuga kuku kila siku, na akichelewa Bi Magamba anamsema mpaka anaomba maji ya kunywa.

Na kuna desturi nyingine, ya zamani kuliko meza. Mteja akikuuliza kama samaki ni mzima, humjibu kwa mdomo. Unamfunulia shavu aone matamvua, zile nyuzinyuzi za ndani ambazo samaki anapumulia. Yakiwa mekundu, biashara imeisha. Hapo hata mwongo anakuwa mkweli.

Basi miaka minne iliyopita yadi ya makaa ya mawe ilipanuliwa. Makaa yanakuja kwa meli, yanashushwa gatini, yanapanda kwenye mkanda mrefu, yanamwagwa kwenye lundo refu kuliko paa la soko. Lundo halikufunikwa. Upepo ukivuma, vumbi linaondoka pale linakwenda linakotaka, na linakotaka zaidi ni baharini na kwenye nguo zetu. Bi Magamba anakaa vyumba viwili vinavyotazamana na lundo. Majirani wote walihamia shuka za rangi nyeusi na kahawia. Yeye, thubutu! Aliendelea kuanika shuka nyeupe. Zinatoka nyeupe, zinarudi na mikunjo myeusi, anafua tena. Nikamwambia, wifi, nunua hata za bluu upumzike. Akaniambia, "Nihame rangi kwenye nyumba yangu mwenyewe? Wao ndio wahame."

Sisi waparaji tunawajua samaki kwa ndani. Wavuvi wanahesabu wangapi, sisi tunaona wakoje. Tasi, samaki anayekula nyasi za baharini, tulikuwa tukimpasua tunakuta tumbo limejaa majani mabichi. Ikawa tunakuta majani yamepakwa masizi, kisha majani haba, kisha utumbo mtupu kabisa. Nyasi zile zinahitaji mwanga kama mmea wowote, na zilikuwa zimefunikwa weusi. Mayai yakapungua. Zamani, msimu wake ukifika, kila jike ulimkuta na vifuko viwili vinene vya mayai, sasa unapasua kumi unakuta mmoja. Samaki wakawa vichwa vikubwa, miili myembamba. Na matamvua, jamani! Ukifunua shavu la samaki wa upande wa gati unakuta utelezi wa kijivu, na ndani ya utelezi, weusi. Samaki maskini alikuwa anapumua makaa.

Wenzetu wakaanza kuyanyofoa matamvua kabla mteja hajafika. Mteja akiuliza, wanasema ndivyo siku hizi, usafi. Mimi mwenyewe niliyanyofoa, sitaficha. Nina watoto. Bi Magamba alikataa katakata. Akifunua shavu, mteja akikunja uso, anamwambia, "Ndiyo, ni meusi. Aliyeyafanya meusi yuko pale, lundo lake unaliona. Wa upande wa rasi ni hawa hapa, matamvua mekundu, wanatoka mbali ndiyo maana wako wachache. Chagua." Wateja wengi walichagua kuondoka. Kuna siku alikaa tangu asubuhi hadi saa saba bila kushika samaki hata mmoja, na bado hakuyanyofoa. Nikamwona mjinga, na nilimwambia hivyo.

Akanijibu, "Mficha uchi hazai. Wewe nyofoa, mimi nafunua."

Kisha ikaja barua. Ilibandikwa kwenye nguzo ya soko, imegongwa muhuri, na mimi ndiye niliyewasomea wenzangu kwa sauti. Yadi ya makaa ilikuwa imelalamika kwenye baraza la mji. Ilisema nyasi za baharini zinakufa na samaki wanapungua kwa sababu ya uchafu unaotoka kwenye meza ya waparaji samaki. Ilipendekeza meza ivunjwe. Baraza lingesikiliza pande zote mbili Alhamisi ya wiki ya pili, kisha liamue. Nikamaliza kusoma. Halafu Bi Magamba akacheka, kicheko kibaya, cha kuogofya.

"Nyani haoni kundule," akasema. "Mlima ule mweusi hawauoni, wameona gamba la tasi!"

Sahihi ya chini ya barua tuliijua. Ilikuwa ya afisa wa mazingira wa yadi, ambaye sisi tunamwita Bwana Mazingira. Tulimjua kwa sababu alikuwa mteja wetu. Kila Ijumaa alikuja na gari, anateremsha kioo kidogo tu, anamwagiza Bi Magamba samaki wake watatu. Mtu mpole, wa shati la kupigwa pasi, hana ubishi. Ndiyo maana ile sahihi iliniuma zaidi.

Usiku huo sikulala vizuri kwa kuwa nyumbani kwangu mambo yalikuwa mawili kwa moja. Mume wangu anaendesha kreni pale pale yadini, na kikohozi hakimtoki. Dada yake alikuja kesho yake, akaketi, akamwambia anakwenda kwenye baraza kusema ukweli.

"Dada, mnataka nifukuzwe kazi?" mume wangu akauliza.

"Nilikubeba mgongoni ukinikojolea," akasema Bi Magamba. "Sikukuuliza kama unataka nikose kazi. Kohoa basi, tukusikie."

Mume wangu akakaza mdomo asikohoe. Akashindwa. Alikohoa mpaka akainama, na alipomaliza akasema, "Nenda, dada."

Mpango wa Bi Magamba ulikuwa rahisi. Kwa siku kumi na moja mfululizo, kila samaki wa upande wa gati aliyepita mezani, tulimtoa matamvua tukayaweka kwenye kopo lenye kifuniko, tarehe juu yake. Samaki wa upande wa rasi, ambako vumbi halifiki, vivyo hivyo, makopo yake mbali. Muuza barafu akatupa nafasi kwenye sanduku lake. Hata wale walionyofoa kwa siri sasa walinyofoa hadharani, na kila mmoja alileta ya kwake. Makopo yakawa ishirini na mawili. Jumatano jioni Bi Magamba akaniambia, "Wifi, kesho wahi. Mimi napitia kumchukua mjumbe wa soko. Wewe toa matamvua uyapange vizuri kwenye sinia, wakubwa wayaone."

Uyapange vizuri. Hayo ndiyo maneno aliyosema, naapa.

Alhamisi nikawahi, hata muuza chai hajawasha jiko. Nikafungua makopo ya upande wa gati. Loo, yalikuwa yanatia kinyaa! Ute mweusi, mzito, unavutika. Na mimi ni mparaji. Kwa miaka kumi na minne hakuna kitu kilichotoka mezani kwangu kwenda kwa mtu bila kuoshwa. Tena hapa si mteja, ni wakubwa wa baraza! Mikono ikaenda yenyewe. Nikachota maji kwenye ndoo nyeupe, nikayamwaga yote ndani, matamvua ya samaki themanini na kitu, nikayasugua, nikayasuuza, nikayapanga kwenye sinia safu kwa safu. Yalipendeza. Mekundu hafifu, safi, kama yametoka rasi. Hata nikaimba kidogo.

Bi Magamba akaingia, akatazama sinia. Akanitazama mimi. Akatazama sinia tena.

"Yale ya gati yako wapi?"

"Ndiyo haya," nikasema, na hapo hapo, kabla sijafunga mdomo, nikaelewa nilichofanya. Nikakaa chini kwenye maji.

Wenzetu walikuwa wameshafika. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini ya kutosha, "Mumewe si yuko yadini? Basi." Mwingine akaguna. Nikaona nyuso zao zinabadilika moja moja. Ningejitetea vipi? Ushahidi wa siku kumi na moja nilikuwa nimeusugua kwa mikono yangu miwili, na saa tatu baraza linaanza. Nililia, nasema kweli, nililia kwa sauti.

Bi Magamba akageuka. "Nani kasema yadini? Sikilizeni. Huyu wifi yangu namjua. Hujuma inataka akili, na akili ya saa kumi na mbili asubuhi huyu hana. Ameosha kwa sababu ni mparaji. Ninyi mngeachiwa, nani asingeosha?" Wote wangeosha. Kisha akaniinamia. "Inuka, umelowa. Maji ya kwanza umeyamwaga?"

Nikapangusa kamasi. Maji yakimwagika hayazoleki, kila mtu anajua. Lakini mimi sijawahi kufagia soko zima peke yangu, na sikuwa na nia ya kuanza siku hiyo. Nikanyoosha kidole chini ya meza. Ndoo ilikuwa pale pale, imetulia, imefunikwa na sinia kuukuu.

Bi Magamba akafunua. Akaiinamisha ndoo polepole, maji ya juu yakaenda upande, kama tunavyofanya kila siku tukichuja. Chini, kwenye plastiki nyeupe, palikuwa na tope jeusi unene wa kidole changu kidogo.

"Ya rasi umeyagusa?" akauliza.

"Bado."

"Usiyaguse!" akapiga kelele mpaka njiwa wakaruka kwenye paa. "Leta ndoo nyingine nyeupe. Tutaoshea huko huko."

Tukaenda kwa miguu, wanawake saba na ndoo, mjumbe wa soko mbele. Ukumbi wa baraza una viti vya plastiki na feni moja inayozunguka kwa kulazimishwa. Mwenyekiti alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba. Bwana Mazingira alisema kwanza, kwa karatasi, kwa utulivu. Alisema uchafu wa meza unaoza majini, nyasi zinakosa hewa, samaki wanakimbia. Alisema yadi inajali bahari kuliko mtu yeyote. Ndoo yetu ilikuwa mbele ya kiti changu ikitulia, nami nimeibana kwa magoti mawili kana kwamba itatoroka.

Zamu yetu ilipofika, Bi Magamba hakuwa na karatasi. Akaweka ndoo juu ya meza ya wakubwa, juu ya mafaili yao. Akachuja maji, akawaonyesha tope. Kisha akafungua makopo ya rasi, siku zile zile kumi na moja, akayaosha mbele yao kwenye ndoo ya pili, akayasugua kwa mkono ule usio na ncha ya dole. Akasema tungoje yatulie. Ukumbi mzima ukakaa kuangalia ndoo, watu wazima na akili zao. Yalipotulia akachuja. Damu kidogo, ute kidogo, chini plastiki nyeupe kabisa.

"Meza yetu ni moja," akasema. "Mikono yetu ni ile ile, maji ya bomba ni yale yale. Kama uchafu ni wetu, mbona huyu wa rasi haukumpata?"

Bwana Mazingira akasimama. "Mheshimiwa mwenyekiti, ndoo imeletwa na wahusika wenyewe. Hatujui imejazwa wapi. Nani aliyeosha ya kwanza?"

"Mimi," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba mno.

"Mume wako anafanya kazi wapi?"

"Kwenu. Anaendesha kreni. Na anakohoa."

Watu wakacheka, na yeye akatabasamu kidogo, akisubiri kicheko kiishe. "Hilo linaweza kuwa tope la kawaida tu la pwani," akasema. "Bila vipimo vya kitaalamu, huwezi kusema samaki wa upande wa gati ana tatizo lolote. Samaki ni samaki."

Hapo nikamwona wifi yangu anapangusa mikono kwenye kanga yake, taratibu, kidole kimoja kimoja. Namjua. Akipangusa hivyo, kimbia.

"Samaki ni samaki," akarudia. "Haya, mwanangu, nikuulize. Wewe ni mteja wangu?"

"Ndiyo, lakini hilo si..."

"Kila Ijumaa?"

"Nadhani, mara nyingi."

"Ukishusha kioo unaniambia nini? Kila Ijumaa, miaka miwili sasa. Wenzangu hawa sita wanasikia. Niseme mimi au useme wewe?"

Bwana Mazingira akafungua faili lake akatafuta kitu ambacho hakikuwamo.

"Basi nitasema mimi," akasema Bi Magamba. "Unaniambia, 'Mama, nipe wa upande wa rasi. Wa gati usiniwekee, watoto ndio wanaokula.' Hayo ndiyo maneno yako. Hujawahi kukosea hata Ijumaa moja. Nikikosa wa rasi, unaondoka mikono mitupu. Mimi sijasoma, sina vipimo. Niambie wewe uliyesoma, vipimo vyako vilikuambia nini hata watoto wako wasile?"

Mwenyekiti akashusha miwani, ikaning'inia kwenye kamba.

"Ni kweli unachagua?" akamwuliza.

"Ni ladha tu, mheshimiwa," akasema Bwana Mazingira. "Wa rasi wana ladha nzuri zaidi."

Hata makarani wa baraza walicheka. Mwenyekiti hakucheka. Aliandika muda mrefu, kisha akachovya kidole kwenye lile tope, akakisugua kwenye pembe ya ile barua yenye muhuri. Likabaki doa jeusi, la kung'aa. Tope la pwani halichori hivyo.

Uamuzi ulitolewa wiki iliyofuata. Meza isiguswe. Wataalamu waje wapime maji na nyasi. Lundo lifunikwe, na mkanda uwekewe paa, ndani ya siku tisini. Tulipiga vigelegele hadi wauza mboga wakadhani kuna anayeolewa.

Sasa nisikudanganye, siku tisini zimepita. Mkanda umewekewa paa nusu, lile lililo upande wa barabara, ambalo wageni wanaliona. Lundo limefunikwa kwa turubai lililojaa matundu. Tasi bado wanakuja na matamvua meusi, na shuka za wifi yangu bado zinarudi na mikunjo. Lakini hakuna anayenyofoa tena mezani kwetu. Wote saba tunafunua shavu, mteja akunje uso au asikunje. Ndoo nyeupe ya maji ya kwanza tumeitoa chini ya meza tumeiweka juu, mbele kabisa, na kila Jumamosi tunachuja watu wakiona.

Ijumaa iliyopita gari lilikuja. Bwana Mazingira hakuwamo, alimtuma dereva. Dereva akashuka na mfuko, hawezi hata kutuangalia usoni.

"Bosi anasema samaki watatu wa upande wa rasi," akasema.

Mezani palikuwa na wa rasi sita, wanono, mimi niliwaona. Bi Magamba akawafunika kwa gunia lenye maji. Akachukua tasi mmoja wa gati, akamfunua shavu, akampelekea dereva karibu na pua.

"Mwambie wa rasi nimewauza kwa watoto wa watu wengine," akasema. "Yeye wake ndiye huyu. Siku akilifunika lile lundo lote, aje mwenyewe, nitamparia bure."

Dereva akarudi garini na mfuko mtupu. Bi Magamba akamrudisha yule tasi mezani, akanigeukia.

"Na wewe unatazama nini? Kisu kimelala tena."